Kiti cha Jumatano

Nilianza kazi hospitalini siku ya Jumatatu, tarehe 3 Februari 1969, nikiwa mhudumu wa wodi. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri, na mji wa Shinyanga ulinukia vumbi lililolowa. Metroni, yaani muuguzi mkuu, alinitazama kuanzia kilemba hadi vidole vya miguu, kisha akaniuliza kama najua kusoma.

"Sijui, Metroni."

"Kupiga deki je?"

"Hilo najua."

"Basi anza na unalolijua. Sakafu inapita vyumba vyote. Ukiifuata vizuri, itakufundisha hospitali nzima."

Niliifuata. Nilikuwa mke wa mtu na mama wa mtoto mmoja, Kabula, na herufi nilizozijua ni zile zilizochapwa kwenye magunia ya pamba. Mwaka 1972 niliingia darasa la elimu ya watu wazima lililofanyika alasiri kwenye baraza ya hospitali. Mwaka 1975 nilifaulu mtihani, na mwezi Novemba 1977 nilipokea cheti cha uuguzi msaidizi. Nayataja haya kwa fahari, wala sioni haya. Nilijifunza kuandika nikiwa mtu mzima, na kila herufi niliyoiandika tangu siku hiyo naijua ilikotoka.

Wodi ninayotaka kuwaeleza vijana ilifunguliwa Jumatatu, tarehe 2 Septemba 1974. Iliitwa wodi ya mishipa ya fahamu. Ilipokea watu wenye kifafa, waliopooza, wanaotetemeka, na wale ambao kichwa kilikuwa kimeacha kuelewana na miguu. Jengo lake lilikuwa ghala la pamba hapo zamani. Tuliosha, tukapaka chokaa, tukafagia dari kwa fagio la makuti, lakini pamba haikwisha. Miaka nenda miaka rudi, upepo ulipovuma juu ya mabati, nyuzi nyeupe zilijitenga na mbao na kushuka polepole katika mwanga wa madirisha ya juu. Zilitua juu ya mashuka na nywele za wagonjwa, na juu ya makoti ya wanafunzi. Wagonjwa wapya walinyoosha viganja kuzipokea. Hata leo nikifumba macho mchana, nauona ule mwanga na zile nyuzi, nami nimesimama katikati na beseni langu, sina haraka ya kwenda popote.

Daktari Mkuu wa wodi hiyo alikuwa mtu wa Bukoba, mrefu, mwenye sauti ya chini. Siku ya kwanza alitukusanya, wauguzi, wahudumu na wanafunzi wa uganga, akasema, "Hapa asubuhi tunatibu, mchana tunafundisha, na jioni tunajiuliza ni nini ambacho bado hatukijui. Anayetaka moja tu kati ya hayo, akatafute hospitali nyingine."

Hivyo ndivyo tulivyofanya kazi. Asubuhi nilishika wagonjwa waliotolewa maji ya uti wa mgongo. Mgonjwa hulala kwa ubavu, amejikunja kama mtoto tumboni, na muuguzi humkumbatia magoti na shingo asitikisike sindano inapoingia. Niligawa vidonge vya kifafa, na niliwafundisha akina mama kuwa povu la mgonjwa haliambukizi, kwa kulifuta mbele yao kwa mkono wangu mtupu. Wanafunzi walijifunza kugonga goti kwa nyundo ya mpira, na kuweka mguuni uma wa chuma unaovuma ili kujua kama mgonjwa anausikia. Siku ya Ijumaa kila anayetetemeka alipewa penseli achore mzunguko unaoanza katikati na kutanuka. Wagonjwa waliuita konokono. Daktari Mkuu aliwapanga konokono wa mgonjwa mmoja ukutani, wiki baada ya wiki, akasimama mbele yao kama mtu anayesikiliza redio iliyo mbali.

Lakini desturi iliyoitofautisha wodi yetu ilikuwa ya Jumatano. Siku hiyo mgonjwa mmoja aliyekubali alionyeshwa kwa wanafunzi. Kwingineko mgonjwa alilazwa akavuliwa shati, watu wakamzunguka. Kwetu alikalia kiti cha Daktari Mkuu, kile cha mninga chenye mikono, naye daktari akaketi kwenye benchi pamoja na wanafunzi. Mgonjwa huyo aliitwa mwalimu mpaka jua lizame. Mwanafunzi aliyemshika kabla ya kumwamkia na kumwomba ruhusa alitolewa nje. Niliwaona vijana wenye vyeti vizuri wakisimama uani kwenye jua kwa sababu ya shikamoo moja.

Mume wangu, marehemu Luhende, hakuwa mtu wa hospitali. Alikuwa mchomaji wa dhahabu katika machimbo ya porini, mbele ya Katoro. Wachimbaji walitoa mawe kwenye duara, ndivyo walivyoliita shimo lao, wakayatwanga, wakayaosha katika karai, na kutia zebaki, yale madini yanayotiririka kama maji, ili iikamate dhahabu. Donge lililobaki lilichomwa motoni. Zebaki iliondoka na moshi, dhahabu ikabaki. Kazi ya kuchoma na kupima ilipewa mtu mmoja ambaye wote walimwamini. Huko porini, mtu huyo alikuwa Luhende. Mkono wake uliposhika mizani, hakuna aliyebishana.

Mwezi Agosti 1982 alirudi nyumbani, nikamwekea chai. Kikombe kiligonga kisahani, kikagonga tena. Alikiweka chini, akatazama dirishani.

"Una homa, Baba Kabula?"

"Ni baridi."

Ilikuwa mchana wa Agosti, mbwa wamelala kivulini. Katika siku zilizofuata niliona vifungo vya shati vinamshinda, fizi zimevimba, na mate yanamjaa mdomoni. Yeye aliyekuwa mpole aligombana na jirani kwa ajili ya kuku. Watu walisema amezoea gongo. Hakuwahi kuonja gongo maishani mwake. Nilimpeleka wodini kwangu.

Daktari Mkuu alimwomba anyooshe mikono, vidole vikiwa vimetanuliwa, akaweka juu yake karatasi moja nyembamba. Tetemeko dogo ambalo jicho halilioni, karatasi hulionyesha. Ile karatasi ilianza kusema kama majani ya mtama.

"Mzee wangu, unachoma zebaki?"

"Nachoma."

"Ndani ya nyumba?"

"Mvua ikinyesha, ndani."

Daktari alimweleza kwamba moshi ule huingia kifuani na kufika kwenye ubongo, na kwamba dawa ya kwanza ni kukaa mbali nao. Kisha akamwomba akalie kiti cha Jumatano. Alisema anahisi wapo wengine wengi wanaotetemeka, ila hawaji, na wanafunzi wake watakaopelekwa vijijini wataendelea kuwaita walevi au waliologwa kama hawatafundishwa kuwatambua.

"Mimi si mbuzi wa mnadani, Daktari," Luhende alisema. "Mchomaji akijulikana anatetemeka, nani atampa mizani? Nikikaa hapo, nimejizika."

"Tutakutibu hata usipokaa."

"Basi nitibu."

Sikumsihi. Nililijua jina lake lilivyomgharimu, nami nililivaa kama yeye. Ila usiku na mchana nilijua kuwa moshi uleule bado unapanda kwenye vibanda vingine, na watu wanalala ndani yake. Alikaa nasi Septemba, Oktoba, Novemba, akila vizuri, akichora konokono wake wa Ijumaa akiwa ametupa mgongo ili wengine wasione. Nyuzi za pamba zilimwangukia mabegani, naye hakuzipangusa.

Mwanzoni mwa Desemba alikuja wodini Shija, mwenzake wa machimboni, na fungu la samaki wakavu wa Nkome.

"Mwangaluka, shemeji! Mmemficha huyu bwana huku, amenenepa kama mke wa mwenyekiti."

"Karibu, shemeji. Kaa, nikupe chai."

"Sikai. Nimekuja kumchukua. Porini hatuna mchomaji."

"Sasa anachoma nani?" Luhende aliuliza.

"Mimi, najaribu tu. Mvua zimeanza, nachomea ndani. Mama watoto analalamika moshi, lakini si unawajua wanawake."

Yote hayo aliyasema mikono ikiwa ndani ya mifuko ya koti. Joto lilikuwa kali. Nilimpa kikombe, akasema nikiweke dirishani.

"Toa mikono, Shija," mume wangu alisema.

"Ina tope."

"Mchimbaji anaona haya tope tangu lini? Toa."

Shija alicheka, kisha kicheko kikamwishia njiani. Hakuitoa.

"Na mtoto mchanga analala chumba hichohicho?"

"Alale wapi tena, Luhende?"

 Mume wangu alimwomba Shija alale mjini mpaka Jumatano.

Jumatano hiyo ilikuwa tarehe 8 Desemba 1982, siku moja kabla ya sikukuu ya Uhuru. Mgonjwa aliyepangwa alikuwa mwingine. Wanafunzi walikuwa wameshakaa Luhende alipotoka kitandani, akavuka ile sakafu niliyoipiga deki miaka mingi, akakaa kwenye kiti cha mninga. Daktari Mkuu alinyanyuka akahamia kwenye benchi. Wanafunzi walimwamkia kwa pamoja.

"Marahaba. Mama Kabula, lete karatasi."

Niliileta mwenyewe, nikaiweka juu ya mikono niliyoolewa nayo. Ikaanza kusema. Kijana mmoja akawa anamkazia macho usoni.

"Usinitazame uso, mwanangu," Luhende alimwambia. "Uso wangu umejifunza kudanganya. Tazama karatasi."

Kisha akawaeleza yote: jinsi donge linavyochomwa, moshi unavyokereketa koo, na jinsi mtu anavyobana kiwiko ubavuni ili mizani isicheze. Akasema, "Mimi ni mchomaji, na mkono wangu haufai tena kupima. Mkikutana na mtu anayeficha mikono kwenye joto, msimuulize gongo. Muulizeni moto."

Shija alikuwa amesimama mlangoni. Pamba ilikuwa inashuka katikati yao wawili. Sijui ilichukua muda gani. Katika kumbukumbu yangu bado inashuka. Kisha alitoa mikono mifukoni, akainyoosha mbele yake, na mwanafunzi wa karibu akamwamkia, akaomba ruhusa, akamwekea karatasi.

Baada ya hapo wachimbaji walikuja wenyewe, wakimwulizia Mwalimu Luhende. Mwaka 1983 nilisafiri na Daktari Mkuu na wanafunzi hadi machimboni, nikitafsiri Kisukuma. Tulikusanya mikojo katika chupa ili ipimwe zebaki, na wachimbaji wakatutania: "Daktari, ukikuta dhahabu humo tugawane!" Waliocheka ndio walioleta chupa. Tuliwaonyesha kuchomea nje, mbali na nyumba, huku upepo ukiwa mgongoni. Shija alihamisha moto wake kabla hatujamaliza kusema.

Mikono ya mume wangu ilitulia kiasi, haikutulia kabisa. Mizani hakuishika tena, kama alivyotabiri. Alifariki tarehe 14 Mei 1987 kwa homa ya mapafu, na walipomzika, waganga vijana kutoka zahanati za mbali walisimama na wachimbaji wakimwita Mwalimu. Nilistaafu Ijumaa, tarehe 30 Juni 1989. Daktari Mkuu alitaka kunikalisha kwenye kile kiti kwa heshima. Nilikataa, nikamwambia ni kiti cha mgonjwa, hakikaliwi kwa sherehe.

Watu huniuliza tulikuwa tukitibu, tukifundisha au tukichunguza. Nashindwa kuyatenganisha. Karatasi ilikuwa moja, na iliwekwa juu ya mkono mmoja.

Atakayeusoma mwandiko huu ataona kuwa herufi zangu nazo zimeanza kucheza. Mimi sijachoma kitu zaidi ya kuni. Pengine ni uzee, pengine ni jambo ambalo bado hatulijui. Jana nilikaa barazani, nikanyoosha mikono, nikaweka karatasi juu yake. Ilisema taratibu, kama sauti ninayoifahamu. Jumatano ijayo nitapanda basi niende wodini. Nimekwisha kupiga pasi gauni la bluu. Nitakalia kile kiti, na mwanafunzi atakayenigusa kabla ya kuniamkia, nitamtoa nje mwenyewe.