Steringi Hafi

Baba yangu alikuwa na banda la video Majimoto. Filamu zilikuja na lugha za watu, naye alikaa pembeni na kipaza sauti akitafsiri papo hapo. Pale asipoelewa, alitunga. Kwake hata majambazi wa Kichina waliwahi kugombania mpunga wa Mamba, kijiji jirani.

Mwaka jana alileta filamu ya maisha ya mcheza sinema wa zamani, bingwa wa ngumi, ambaye baba alimpenda tangu hajaoa. Nilikuwa nimetoka Ilembo ninakoishi, nimekuja kumsalimu, nikakaa benchi la mbele. Jamaa aliyemwigiza bingwa, steringi mwenyewe wa filamu, alikuwa na masharubu ya kubandika na sura ya mtu anayeumwa jino. Akalewa, akagombana na mke, akalewa tena. Ngumi hata moja hatukuiona. Mwishowe akalazwa hospitali, akafumba macho.

Vijana wakawaka. "Steringi hafi bwana! Mzee, hii filamu gani?"

"Tulieni nyie," baba akasema kwenye kipaza sauti. "Hajafa. Kachoka na safari, kalala kidogo."

Wakatulia, wakatoka wameridhika.

Tulipokuwa tunafunga banda nilimwambia amewadanganya watu.

"Waongo ni waliotengeneza hii, mwanangu. Wamehesabu chupa zake tu. Alivyokuwa anachekesha, hilo wameliweka wapi?"

Mwaka huu, mvua zilipoanza, figo zikamchukua. Siku ya mazishi sikulia. Watu walinipa pole, nikajibu nimeshapoa, na kweli sikusikia kitu, si uchungu wala njaa. Nilitaka jambo moja tu: wasifu wake umseme yeye.

Baba mdogo akasimama kando ya kaburi, akausoma kama wasifu wowote unavyosomwa. Alizaliwa, akabatizwa, akaoa, akajaliwa watoto. Halafu ukaja ugonjwa, nao ukasomwa mrefu kuliko maisha yenyewe: zahanati, hospitali ya Mpanda, rufaa, kuongezewa damu, mpaka umauti ulipomfika. Banda la video lilipata neno moja, "mfanyabiashara".

Vijana wale wale wa kwenye mabenchi walikuwepo, wamevua kofia, na hakuna aliyebisha. Nikajikuta nasubiri sauti kutoka pembeni ituambie tutulie, hajafa, kachoka na safari. Wanaume wakashika kamba. Mwenye sauti hiyo ndiye waliyekuwa wanamshusha.