Mpera wa Mlango wa Nne

Wiki ile sikuweza kukaa kitako. Nakoroga uji huku nachungulia simu, nafua huku nachungulia simu, mpaka mapovu yakaingia kwenye spika. Mimi niliyeachia shule kidato cha tatu, nikajifunza kuprogramu kwa video za bure, nilikuwa nimetengeneza mchezo wa simu, na ploti yetu nzima ya kupanga, mtaani Karagita, ilikuwa imeanza kuucheza.

Mchezo wenyewe ulikuwa na kiboko. Ukifanya jambo la kutunza mazingira unapiga picha, kiboko anakula nyota, ananenepa, anacheza densi. Maji ya kufulia ukiyatumia kuosha choo, nyota mbili. Chupa za plastiki ukiziweka kando badala ya kuzichoma, nyota tatu. Kumwagilia mti, nyota tano. Niliweka tano kwa sababu napenda miti. Sikufikiria zaidi ya hapo.

Ploti yetu ina vyumba kumi na viwili, uwanja wa simiti, na mti mmoja. Kuuita mti ni kuusifu tu. Ulikuwa mche wa mpera, urefu wa mkono, ndani ya mkebe wa mafuta ya kupikia, mbele ya mlango wa nne. Mwenye mlango huo ni mama mmoja anayefanya kazi kwenye shamba la waridi. Mche aliutoa kwao magharibi, chini ya mpera uliopandwa na marehemu mama yake. Ule mkubwa ulikatwa shamba lilipogawanywa. Huu mdogo ndio uliobaki, na alisafiri nao ameupakata kama mtoto.

Hayo yote niliyajua. Ndiyo maana bado yananiuma. Picha ya kwanza kabisa ya kujaribu mchezo niliupiga mpera wake, nikaumwagia kikombe kizima cha maji bila kumwuliza mwenyewe, halafu nikawaita majirani waone kiboko anavyocheza.

Ulikuwa msimu wa wapendanao, Ulaya wanataka maua, na mama wa mlango wa nne alikuwa ovataimu kila siku. Anaondoka kabla jua halijatoka, anarudi giza limeshaingia. Mchana kutwa mpera ulikuwa wetu.

"Niaje, boss!" jirani wa bodaboda alinipigia kelele, jagi mkononi. "Kiboko yangu imenona kushinda yako! Nimemwagilia mara tatu na hata sijakunywa chai!"

"Mara tatu?"

"Si ni wewe uliweka nyota tano? Ama ni za uongo?"

Nilicheka. Alhamisi nikaona majani mawili yamekuwa manjano, nikajiambia ni jua. Nikafungua simu, nyota zimepanda. Nikaifunga. Nikaifungua tena.

Jumapili mama wa mlango wa nne akapata ofu kazini. Alitoka na leso yake kiunoni, akasimama, akachuchumaa. Alipouinamisha mkebe, maji yalimwagika simitini, meusi, yananuka.

"Nani amekuwa akimwaga maji hapa?"

Yule wa bodaboda aliangalia viatu vyake, kisha akaniangalia mimi.

"Ni mimi, mathe," nilisema. "Yaani, ni sisi wote. Ni mchezo." Nikamwonyesha simu. Kiboko naye, bila haya, akaanza kucheza densi.

Mama aliangalia mpaka densi ikaisha.

"Huu mkebe hauna tundu chini," alisema polepole. "Mimi humpa kifuniko kimoja cha chupa, kesho yake naruka. Wewe umempa ziwa."

"Nitakutafutia mwingine. Kuna watu wanauza miche barabara ya Longonot..."

"Na huo mwingine, mama yangu ndiye aliupanda?"

Afadhali angenitukana. Badala yake alinituma msumari na udongo mkavu. Alitoboa mkebe, akaosha mizizi, akakata iliyooza kwa makasi yake ya kazini, akaurudisha mche kama anayemlaza mgonjwa. Kabla ya Jumatano majani yote yalikuwa chini. Kilibaki kijiti.

"Mwambie huyo mnyama wako ajifunze kutulia," aliniambia, na nadhani hakuwa anamsema kiboko peke yake. Basi nikaziondoa zile nyota tano. Siku hizi kiboko anakuuliza kwanza: umetia kidole kwenye udongo? Ukiwa na unyevu, unapata nyota kwa kuuacha.

"Nyota ya kukaa bure?" jirani wa bodaboda alishangaa. "Basi bingwa ni mimi."

Lakini mimi kukaa bure nilishindwa. Nilipita mlango wa nne mara kumi kwa siku, mikono mgongoni, nikitazama kijiti. Niliota majani. Nilitaka kuuliza, nikaogopa jibu. Maua ya wapendanao yalikwisha, ovataimu ikapungua, na kijiti kikabaki kijiti. Hakukitupa.

Jumapili nyingine akaniita. "Kuja hapa, mtoto."

Alikuwa amechuchumaa. Akakwaruza ganda la kijiti kwa ukucha wa kidole gumba, padogo tu. Chini ya ile rangi ya udongo palikuwa na kijani, chembamba, kibichi.

"Bado iko," alisema.

Nilitaka kupiga mayowe ploti nzima itoke. Mkono wangu ulikuwa tayari mfukoni, umeshika simu. Mama akaniangalia tu. Nikautoa mtupu, nikaketi simitini kando yake, nikaikalia mikono yote miwili.