Mgogo, Mhehe na Kitanda cha Domitila

Ukitaka kumjua Restuta, usimtafute kwenye kwaya ya kanisa la Makole anakoimba sauti ya pili. Mfuate kazini. Mimi ni muuguzi mwenzake katika chumba cha wagonjwa mahututi, naitwa Violeth, na mdomo wangu watu wanaulalamikia. Lakini kwa Restuta mimi nakaa chini nasikiliza. Ni Mgogo wa Hombolo, mjane, amelea wanawe kwa uuguzi na kijishamba cha zabibu alichoachiwa na marehemu. Kweli yake haimung'unyi, hata mbele ya mkubwa.

Daktari wetu, Elieza, ni Mhehe wa Iringa. Hapo umeshanielewa. Mgogo na Mhehe ni watani tangu mababu zao walipopigana wakachoka, na mtani hakasirikiwi. Basi asubuhi Elieza akiingia, hata mikono hajanawa, Restuta anamuuliza leo mbwa wa nani kapotea mtaani, maana Wahehe wanasingiziwa kula mbwa. Elieza naye anauliza bakuli la kuombea limeachwa wapi, maana Wagogo nao wanasingiziwa kuombaomba. Wageni wanaona utovu wa adabu. Kumbe ndiyo kazi yenyewe inavyokwenda: wakishataniana, kila mmoja anamwambia mwenzake lolote kuhusu mgonjwa. Restuta akisema dawa hii inamlemea, Elieza anasikiliza. Elieza akisema rudia kumpima, Restuta hanuni.

Ndipo akaletwa Domitila, binti wa hukohuko Hombolo, ambaye Restuta alimwita mwanangu tangu siku ya kwanza, amejifungua katikati ya kifafa cha mimba. Mtoto alitoka salama, mama hakuzinduka. Tukamuunga kwenye mashine ya kupumulia. Dawa za usingizi zikasimamishwa, tukangoja aamke. Wapi! Tulimwita, tukamfinya, tukamwambia akaze mkono. Hakuna kitu. Asubuhi moja Elieza, amechoka kwelikweli, akatoka akamwambia mumewe, Zablon, kwamba matumaini ni madogo, na ingefaa awaite wazee wa nyumbani.

Alikwenda peke yake, na hapo ndipo alipokosea. Kwetu habari nzito wanaipeleka daktari na muuguzi, wote wawili, maana daktari akishaondoka, anayebaki na ndugu wakilia ni muuguzi. Restuta alimkuta Zablon amejikunja ukutani. Alifura! Akaingia ndani akamwambia Elieza mbele yetu sote, "Umemzika mwanangu angali anapumua."

Baada ya hapo utani ukafa. Ikawa "ndiyo, daktari" na "asante, sista". Jamani, siku ile ilikuwa nzito. Mtani akianza kukuita kwa cheo chako, ujue mambo yameharibika. Niliudhika nao wote wawili, maana mgonjwa wa namna ile anahitaji watu wanaosemeshana, na hawa kila mmoja alikuwa anaangalia mashine yake.

Mchana ukafika wakati wa kumgeuza Domitila, kazi ya watu wawili. Mimi nilikuwa kitanda cha pili, mikono imejaa, kwa hiyo Elieza akaja akashika shuka upande wa pili. Wakamgeuza. Halafu Elieza akasema taratibu kwamba Wagogo kwa kununa wanawashinda hata ng'ombe wao. Ile ndiyo ilikuwa kuomba radhi, sote tulijua. Restuta akakaza uso, akashindwa. Akajibu kwamba heri yeye anayenuna kuliko mtu ambaye tumbo linabweka.

Mabega ya Domitila yakatikisika.

Nikadhani kifafa kimerudi, nikakimbilia dawa. Elieza akaniinulia mkono nisubiri. Yeye alikuwa anaitazama mashine, jinsi pumzi zinavyokuja, na Restuta anautazama uso. Pembeni ya ule mpira wa kupumulia uliokuwa mdomoni shavu lilikuwa limejikunja, na machozi yanamtoka.

"Mwambie tena," Elieza akasema. "Mimi naangalia huku."

Restuta akainama. "Domitila, mwanangu, kama unamsikia huyu mla mbwa anavyotutukana, nishike mkono."

Akaushika. Elieza naye akauweka wake, akaomba na yeye ashikwe. Akashikwa, ila nakuapia, yule Mhehe alibanwa kwa kucha.

Safari hii walitoka nje pamoja, nami nikawafuata hadi mlangoni. Elieza akamwachia Restuta aseme yeye. Mwanamke yule mwenye maneno yote duniani akafungua mdomo, kikatoka kilio. Zablon kumwona muuguzi analia, akajua mkewe amefariki, akaenda chini.

Elieza akachuchumaa akamshika mabega. "Shemeji, nisikilize. Analia kwa furaha. Mkeo ametucheka."

Zablon alimtazama, akamtazama Restuta, akatutazama sote. Alitoa simu, akawapigia wazee ambao walikuwa wameshaondoka Hombolo. Akawaambia wasirudi, waje hivyohivyo, waje wamsalimie.