Kuloweka Kabla ya Kukata

Barazani kwa mjomba wangu, fundi cherehani mjini Tabora, hakukuwa na kitu kilichoitwa taka. Vipande vikubwa vilikuwa viraka, vidogo vilijaza mito, na nyuzi zilizofumuliwa alizizungusha kijitini azitumie tena. Nilipokuja likizo kutoka chuo kikuu cha Dar nilimwambia kwamba anatekeleza siasa ya kujitegemea kuliko viongozi wengi. Akaniuliza kama siasa hiyo inajua kutunga uzi kwenye sindano.

Nilimpenda sana, ila nilimsumbua kwa maswali. Kila kitambaa kipya cha pamba alikiloweka kwenye beseni kutwa nzima, akakianika, akakipiga pasi ya mkaa, ndipo akakikata.

"Mjomba, kimetoka kiwandani kikiwa kisafi. Unakilowekea nini?"

"Ndivyo nilivyofundishwa."

"Aliyekufundisha alikupa sababu?"

"Yule alitoka Ujiji kwa miguu, mkasi wake begani. Nani angemuuliza sababu?"

Kwangu hilo halikuwa jibu. Isitoshe, mjomba hakuwa akianza nguo mpya siku ya Jumanne, na nilikuwa nimeshachunguza nikaona hakuna maana yoyote. Desturi zote mbili nikazitia kapu moja.

Wiki hiyo akaja mama mmoja mkulima wa Ntalikwa pamoja na binti yake. Binti alikuwa amechaguliwa kwenda sekondari ya bweni, aondoke na treni ya Ijumaa, na shule ilimtaka afike na gauni la bluu. Miaka ile nguo zilikuwa adimu. Mama alikuwa amepanga foleni siku tatu kwenye duka la ushirika, akaambulia kipande kimoja, cha mwisho.

Mjomba akaitwa msibani Igalula. Kwa kuwa nilijua kukata tangu utotoni, akaniachia kazi. "Loweka kwanza. Pindo la chini vidole vinne, ubavuni viwili viwili. Binti anakua, na gauni likue."

Alipoondoka nikakitandaza kitambaa mezani, nikatafakari. Hiyo nguo yote inayofichwa ndani ya pindo, si ndiyo upotevu wenyewe? Nikapunguza pindo hadi kidole kimoja, ubavuni nikabakiza unene wa uzi tu. Sikuloweka. Likatoka gauni, na kwa kitambaa kilichobaki blauzi ya mama mtu.

"Kumbe chuo kikuu wanafundisha na mkasi!" mama akashangilia. Gauni lilikuwa gumu kwa wanga wa kiwandani, akaenda kulifua lilainike.

Siku ya pili walirudi, na mjomba naye alikuwa amesharudi. Binti alikuwa amelivaa. Magoti yote yalikuwa nje, mabega yamebanwa, mikono haiinuki. Hakulia, ila alikuwa akilivuta chini kwa vidole bila kukoma, kana kwamba lingesikia.

"Fundi," mama akasema, "huyu msomi wako amemshonea mwanangu au mdogo wake?"

Mjomba akaligeuza pindo atafute akiba ya kuachia. Hakuikuta. Nilisubiri anigombeze. Akauliza tu, "Blauzi iko wapi?"

Mama aliitoa kikapuni polepole. Alikuwa hajaifua wala kuivaa. "Hata kanisani haijafika," akasema, akampa.

Mjomba akanitupia. "Fumua."

Nilifumua mshono baada ya mshono. Kabla ya kuloweka vipande, nikakilaza kimoja mezani, nikachora ukingo wake kwa chaki. Kilipokauka nikakirudisha palepale. Kilikuwa kimepungua kidogo upana, na urefu kwa karibu vidole viwili. Nikamwita mjomba. Aliinama akakipima kwa vidole.

"Kwa hiyo urefu ndio unaokimbia zaidi?"

"Ndiyo."

"Mikono yangu ilijua. Mimi sikujua." Akacheka, akaniomba nichore na kipande kingine aone tena. Sijawahi kufurahia mtihani kama ule, na wakati huohuo niliona haya, maana kipande kile kilikuwa cha blauzi ya mtu.

Tulishona pamoja hadi Ijumaa asubuhi. Ubavuni tukatia vipande virefu, kiunoni mkanda, chini utepe mpana wenye pindo nene ndani. Binti akalivaa. Akainua mikono yote miwili, akainama, akachuchumaa, akasimama.

"Wataniuliza hii mistari ni ya nini," akasema.

"Waambie ndiyo mitindo ya Dar," mama akamjibu. "Mshonaji si katoka huko?"

Nikamwomba radhi kwa blauzi yake. Alinitazama juu hadi chini, kisha akalisukuma sanduku la mbao la binti kwa mguu hadi mbele yangu.

"Radhi tutazungumza njiani. Beba hilo mpaka stesheni."