Nati Nne Kwenye Winda la Zena

Niliamini, kwa moyo wangu wote na kwa akili zangu zote mbili au tatu nilizokuwa nazo wakati ule, kwamba mizani ya kliniki ya watoto ilikuwa inakula uzito. Siyo kupima, kula. Mtoto analazwa kwenye lile beseni, mshale unakimbia, nesi anaandika, na ule uzito ulioandikwa unabaki mlemle ndani ya mizani; mtoto anarudishwa nyumbani ganda tupu. Aliyenifundisha elimu hii ni Shomari, mtoto wa jirani yetu pale Temeke, aliyenizidi miaka mitatu ya umri na thelathini ya uongo. Alisema uzito ukishakusanywa unatiwa kwenye madebe, madebe yanashushwa bandarini, yanapakiwa melini mpaka Ulaya, na huko watoto wa Kizungu wanapakwa mgongoni asubuhi na jioni. "Wee hujiulizi kwa nini watoto wao wote wana mashavu?" aliniambia. "Wanakula nini? Mkate! Umeona nani kaota shavu kwa mkate?" Na ushahidi ulikuwepo: kila mtoto aliyetolewa kwenye lile beseni alitoka analia. Mtu halii hivi hivi kama hajaibiwa.

Mwingereza alikuwa angali anatutawala, na Temeke yetu ilikuwa na mikorosho mingi kuliko nyumba. Baba alifanya kazi karakana ya reli. Akitoka alfajiri, akirudi jioni ananukia grisi, na mara mojamoja mfukoni ana nati kuukuu zilizotupwa, tuchezee. Mama alikaanga vitumbua uani, na harufu ya iliki na mafuta moto ilianza kabla ya jogoo. Kwa hiyo mdogo wangu Zena alikuwa wangu. Mie nilikuwa na miaka tisa, darasa la pili. Yeye alikuwa na mwaka mmoja na nusu, na alitembea kama mlevi anayetafuta mlango wa nyumba yake. Alikuwa na mchezo mmoja uliotuchosha sote. Chochote alichokishika, kiwe jiwe, kifuu, au kiatu cha Baba, alikuletea, akakunyooshea, akasema, "Sika." Usipokishika analia. Ukikishika, analia zaidi, kwa sababu umekichukua. Siku moja niliketi naye uani tukipokezana kijiko cha uji mara elfu moja. Sawa, labda arobaini. Lakini arobaini za Zena zilikuwa elfu za mtu mwingine.

Kila Jumatano ya mwisho wa mwezi ilikuwa siku ya mizani. Mama hakuweza kuacha karai lake, hivyo alimwogesha Zena, akampaka mafuta ya nazi mpaka akateleza kama samaki, kisha mie nikamfunga winda la kipande cha kanga, nikambeba mgongoni hadi kliniki. Pale palinukia dawa ya kusafishia sakafu, mikojo, na udi wa akina mama. Foleni yake ilikuwa ndefu kuliko reli ya Baba. Mama alikuwa na sharti moja: mwanawe asivuliwe mbele za watu, maana mtoto mwenye mwili huvuta jicho la husuda. Nesi wetu wa siku zile alikuwa mwenyeji wa pwani, mambo ya jicho aliyajua, hakubishana. "Muache na winda lake," akisema. "Kitambaa kina uzito gani, bwana!"

Hapo ndipo nilipoona mwanya. Ikiwa mizani ni lazima ile, basi nitailisha kitu kingine. Nikachukua nati moja kubwa ya Baba, nikaikunjia ndani ya winda la Zena, nyuma, pale ambapo kitambaa kinakuwa kinene. Chuma kwa chuma, wajuane wenyewe. Mshale ukapanda. Nesi akafurahi. Nikarudi nyumbani natembea kama jemadari aliyeteka mji.

Kisha Zena akaachishwa ziwa. Akaharisha wiki nzima, akawa anaukataa uji, akiukubali anautema. Mashavu yakaanza kushuka. Mtu mwenye akili timamu angesema mtoto anaumwa. Mie nilisema mizani imegundua hila yangu. Mwezi uliofuata nikaweka nati mbili. Uliofuata, tatu. Zena akawa mwepesi mgongoni kwangu, na mzito kwenye kadi. Mie ndiye niliyekuwa msomaji wa kadi ile, maana Mama hakusoma. Alikuwa akifuta mikono yenye unga, anachuchumaa mbele yangu kama mwanafunzi mbele ya mwalimu, na mie nasoma kwa sauti ya kuhutubia: "Ratili ishirini na moja, Mama! Mwezi jana ishirini!"

"Soma tena," alisema siku hiyo.

Nikasoma tena. Akamshika Zena mkono juu ya kiwiko, akauzungushia vidole viwili, vidole vikakutana. "Mkono wangu unanambia mengine," akasema. "Lakini kilichoandikwa kimeandikwa."

Maneno hayo aliyahitaji kuliko nilivyojua. Pale kwetu, mtoto akinyong'onyea wakati wa kuachishwa ziwa, watu hawasemi anaumwa; wanasema kabemendwa. Maana yake baba na mama hawakuvumilia, wamekutana chumbani kabla ya wakati, na mtoto ndiye anayelipa. Hakuna aibu kubwa kwa mwanamke kama hiyo. Wanunuzi wa vitumbua wakaanza kumtazama Zena, kisha kumtazama Mama, kisha kutazamana. Asubuhi moja mwanamke mmoja, sahani mkononi, akamwambia, "Mwenzangu, mtoto huyu mbona kama kabemendwa?"

Mama hakugombana. Aliinuka, akaingia ndani, akatoka na kadi. "Nisomee huyu mama," akaniambia. Nami nikasoma, namba kwa namba, mbele ya watu, kwa sauti yangu ileile. Yule mwanamke akachukua vitumbua vyake, akaenda zake. Mama akatabasamu, nilikuwa sijamwona akitabasamu kwa siku nyingi. Na mie nilijua. Juu ya mizani nilikuwa mjinga, naapa, lakini juu ya kadi sikuwa mjinga. Nilijua kwamba ndani ya zile ratili ishirini na moja kulikuwa na nati tatu za reli.

Kadi ile ilifanya mambo mawili. Kwanza, nesi alimtoa Zena kwenye orodha ya watoto wanaopewa kopo la maziwa ya unga. "Huyu keshapona, tuwape wenye shida," akasema, na kopo likaenda kwa mwingine. Pili, yai. Tulikuwa na kuku mmoja, aliyetaga siku akijisikia, na yai lake lilikuwa la Zena, la kuchemshwa na kupondwapondwa. Mama akasema, "Mwenzio keshakuwa mzito, nawe ndiye unayembeba jua lote lile. Kula wewe, baba." Yai la kwanza nililila kwa furaha. La pili nililila haraka. Kuanzia la tatu nililila nyuma ya choo, nimeipa nyumba mgongo, kwa sababu Zena alizoea kuja na kusimama mbele yangu, mkono kaunyoosha. Safari hii hakuwa ananipa kitu.

Jumatano ya nati nne tulimkuta nesi mgeni, mama mmoja mrefu kutoka bara, mwenye sauti ya taratibu na mikono mikubwa. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akampokea Zena, akasita. Alimpandisha na kumshusha kidogo hewani, kama mtu anayechagua papai.

"Mvue hicho kitambaa."

"Mama hataki," nikasema. "Kuna jicho."

"Mimi sina jicho. Mvue."

Zena, ambaye nesi alikuwa keshamketisha kwenye beseni la mizani, akapeleka mkono nyuma, akahangaika na winda lake, akavuta kitu kilichokuwa kinamuumiza. Akakitazama. Kisha, kwa adabu yake yote, akamnyooshea nesi.

"Sika," akasema.

Nesi akashika. Ilikuwa nati. Akalifungua winda mwenyewe na zile tatu zikaanguka kwenye beseni. Zililia kwa kishindo cha kengele ya kanisa, na nadhani mpaka Kipawa walisikia. Nesi akazizoa zote, akazitoa nje ya beseni. Mshale ukarudi, ukarudi, ukasimama. "Kumi na saba," alisema nesi, siyo kwangu. Kisha akanigeukia mie. "Nani ameweka?"

Nikasema yote: Shomari, madebe, meli, watoto wa Kizungu. Mama mmoja akacheka mpaka akashika ukuta. Mwingine, kwa sauti ya chini, akasema, "Hata mie nilisikia hivyo," akamvuta mwanawe karibu. Nesi hakucheka wala hakunigombeza. Alinipandisha kwenye mizani ya wakubwa, akasoma, akanishusha, akanipandisha tena, akanionyesha mshale. Ulisimama palepale. Akafanya hivyo mara ya tatu. Kisha akanambia nikamwite mama yangu.

Mama alikuja mbio, unga mpaka kwenye viwiko. Nesi alimweleza kwa maneno machache. Nilisubiri kofi, nililitamani kofi. Badala yake Mama aliichukua ile kadi mezani, akachuchumaa mbele yangu kama alivyozoea, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza.

"Soma."

"Ratili kumi na tisa na nusu."

"Nati ngapi?"

"Moja, Mama."

Kidole kikashuka. "Soma." Tukashuka hivyo, mstari kwa mstari, mbele ya wanawake wale wale waliokuwa wakinunua vitumbua vyetu, mpaka mwisho wa kadi. Halafu akasema, "Watu walinisema, nikawaonyesha hii." Alimfunga Zena mgongoni kwake mwenyewe, na njia nzima ya kurudi nilitembea nyuma yao mikono mitupu. Mgongo wangu ulikuwa mwepesi mno. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Mie niliyaficha maradhi yasiyo yangu, na ilibaki kidogo tu kilio kifike nyumbani kwetu.

Zena alirudishwa kwenye orodha ya maziwa, na yule nesi alikuwa akipita kwetu kumwangalia. Ilichukua miezi mashavu kurudi. Leo Zena ni bibi wa watu, ana sauti ya kufukuza wezi mitaa mitatu, na ukimwomba apande kwenye mizani utajuta. Mie nami nilikuja kusoma shule ya jioni nikiwa na ndevu zangu, nikajifunza ratili na kilo, nikafaulu, na mtu akitaka cheti nitamtolea sasa hivi. Wajukuu zetu wanapimwa kwenye mizani za namba za kuwaka, kadi zao zina mistari ya rangi, na hakuna mtoto anayeweza kumdanganya mama yake juu ya kilichoandikwa, kwa sababu mama anasoma mwenyewe. Hilo linanifurahisha kuliko taa zote za mji huu.

Hadithi ya nati nimeisimulia kila Idi na kila harusi. Nati ziliongezeka: zilikuwa nne, zikawa sita, mwaka mmoja zikafika kumi na mbili na kipande cha reli. Watu wakicheka, Zena naye hucheka. Lakini mayai sikuwahi kuyatia. Mama amefariki bila kujua nilikuwa nayala wapi, na kwa nini.

Idi iliyopita, baada ya kicheko kuisha, nilimfuata Zena jikoni alikokuwa akipakua pilau. Nikamweleza mayai, moja moja, bila kuzidisha hata moja. Nikamwambia nyuma ya choo. Nikamwambia mkono wake. Kisha, kwa ulimi uliozoea mizaha, nikatafuta pa kujificha: nikasema nilikuwa mtoto, Shomari alinidanganya, niliiogopa mizani, hata sasa sijui vizuri ni kitu gani hasa kilichomkondesha vile, maradhi, au ziwa, au nini.

Zena akaweka upawa chini, akafuta mikono.

"Njaa, kaka," akasema. "Nilikuwa na njaa."