Kwa Refa, mpira husimama mpaka Redio amalize neno

Saa tatu asubuhi, Refa anapiga pedi mswaki.

Amekaa kwenye benchi fupi mlangoni, miguu ameinyoosha juani, na kwa mswaki mkuukuu uliochovywa kwenye spiriti anachokonoa jasho la jana katikati ya vitufe. Pedi za kuchezea gemu, ukiziacha siku mbili, hunata kama mikono ya mtoto aliyeiba sukari. Kila moja anaijua kwa jina la anayeitesa.

"Hii ya Fundi," anasema, akionyesha kitufe kilichozama. "Akifungwa anakibonyeza kama anaua kunguni. Na kunguni mwenyewe ni yeye."

Nyuma yake kuna chumba kilicho na ukubwa wa chumba cha kulala, kwa sababu kilikuwa cha kulala. Ndani mna mabenchi matatu, televisheni mbili zilizokaa bega kwa bega, mashine mbili za gemu na pazia la maua. Upande huu wa pazia ni biashara. Upande wa pili ni ndoa.

Mama huyu ana miaka hamsini na minne, na filimbi shingoni. Jina lake la kuzaliwa wateja walishalisahau. Akipuliza, wanaume wenye ndevu na mabinti wa kuolewa huachia pedi na kunyamaza. Kadi nyekundu aliikata kwenye boksi la sabuni, na hadi leo inanukia.

Mechi moja hulipiwa bei ya viberiti viwili. Siku nzuri huchezwa mechi arobaini, na hapo unga, umeme na dawa hupatikana bila kutazamana usoni.

"Mashine ya kwanza aliileta mume wangu alipolipwa kiinua mgongo," anasimulia. "Mimi nilimwomba jokofu. Akaniletea mke mwenza wa umeme! Nikanuna wiki nzima. Wateja walipoanza kulipa, nikasema basi, mke mwenza na akae."

Mume huyo ndiye Redio. Kwa miaka mingi alikuwa sauti ya soko. Alishika kipaza sauti akatangaza mtoto aliyepotea, funguo zilizookotwa, na mama fulani anayeombwa arudi kwenye kibanda cha nyanya, chenji yake ameiacha. Alipostaafu, koo halikustaafu.

Gemu lao ni la mpira wa miguu, na lina mtangazaji wake ndani, anayesema lugha ambayo wengi pale hawaijui. Redio alimzima sauti siku ya kwanza. Akavuta kiti katikati ya televisheni mbili, akatangaza mwenyewe.

Kipa akitoka ovyo: "Kipa kaenda sokoni, mlango kaacha wazi!" Mshambuliaji akipaisha: "Huyo mpe kijiko, atalisha sikio!" Wapo waliolipa ili wakae tu wasikilize, pedi hawakuigusa.

Sasa, kampuni inayotengeneza gemu hilo hutoa diski mpya kila mwaka. Bei yake ni mapato ya Refa ya wiki mbili, na wateja huwa wanachanga. Ugomvi unaanzia hapo.

Diski ikifika, hufanyika kitu wanachokiita kesi. Televisheni ya kushoto huwekwa diski ya mwaka uliopita, ya kulia mpya. Timu zilezile, uwanja uleule. Fundi, ambaye ni fundi cherehani wa duka la jirani, ndiye mwendesha mashtaka. Anayecheza ni Dada wa Saluni, mchezaji bora wa chumba kile. Wanaume hawapendi hilo liandikwe, kwa hiyo limeandikwa. Wakili wa kampuni hupatikana kwa kura, na anayeangukiwa hupewa pole.

Kesi ya mwaka juzi bado inasimuliwa. Wakili alisimama akatetea: nyasi zimeota vizuri zaidi, jasho la wachezaji linang'aa, na nyavu sasa zinatikisika kama shela la bi harusi.

"Na kipa?" Fundi akauliza.

Wote wakageukia televisheni. Kipa alikuwa anafungwa kona ileile, akianguka upande uleule, kama mtu aliyepewa habari za msiba.

"Mwaka mzima!" Fundi akapasuka. "Watu wazima wamekaa ofisini, feni inawapepea, wamenishonea nyavu! Mimi nikichelewesha suruali wiki moja, mwenye suruali anakuja na kaka zake!"

Dada wa Saluni aliwahi kuiandikia kampuni kwa simu yake. Alijibiwa kwamba maoni yake ni muhimu sana. "Mwaka uliofuata wakatuongezea mawingu," anasema. "Mimi nalalamikia kipa, mtu ananiletea mawingu. Nani anacheza mpira huku anatazama juu?"

Asiyecheza gemu anaweza kuwacheka. Lakini yeyote aliyewahi kuahidiwa na mchumba kwamba mwaka huu amebadilika, akaja na shati jipya na tabia za zamani, atawaelewa.

Mwaka jana, asubuhi moja, Redio alikuwa ananyoa ndevu. Refa alisikia wembe ukianguka. Alipoingia alimkuta mumewe mbele ya kioo, nusu ya uso ina povu, nusu imelegea, anahangaika kumwambia kitu.

"Nilidhani ananitania," anasema Refa, na mswaki unasimama mkononi. "Tangu anioe alikuwa ananitania tu. Nikamwambia, acha mchezo, povu litakuingia jichoni."

Kilikuwa kiharusi. Mguu ulirudi baada ya miezi miwili. Mkono wa kulia ulirudi nusu. Ulimi haukurudi.

Mtaalamu wa mazoezi ya kuongea hospitalini alimweleza Refa kwamba maneno yote yamo kichwani, njia ya kutokea ndiyo iliyofukiwa. Itafukuliwa kwa kuongea na watu, kila siku, na mapema. Asipoongea, itazoea kufungwa.

Ndipo wateja walipofanya wema ulioharibu mambo. Redio aliporudi kutoka hospitali na kukaa kwenye kiti chake, walimwashia yule mtangazaji wa ndani ya gemu, wakamwongeza sauti.

"Tulitaka apumzike," anaeleza Dada wa Saluni. "Chumba kikiwa kimya angeona tunamngoja yeye, tukaona tutamwaibisha. Kumbe tumempa mtu mwingine kazi yake, na yeye amekaa palepale anaangalia."

Redio alikaa siku mbili. Ya tatu alibeba kiti chake akaenda nyuma ya pazia.

Huko alikaa miezi. Mkewe alijibiwa kwa nyusi. Mtaalamu alimpa picha za kutaja, kikombe, kuku, kiatu, naye akageukia ukutani. "Mtu aliyetangaza fainali na watu wakalia, leo unamwambia sema kuku?" anauliza Refa. "Hata mimi ningenuna."

Mwaka huu wateja waligoma. Waliapa kwamba hakuna atakayechangia diski mpya, kampuni iwatafute yenyewe. Refa aliinunua peke yake, kwa akiba ya jokofu.

Fundi alikuja juu. "Shemeji, umetusaliti! Si tumegoma?"

"Gomeni mmekaa," Refa akamjibu. "Benchi leo ni bure."

Sababu yake hakuitoa siku ile. Tangazo la diski lilisema mwaka huu kuna sauti mpya kabisa. "Ile sauti ya zamani ndiyo iliyomfukuza mume wangu," anasema sasa. "Niliichoka. Sikuwa na akili nyingine, nilitaka tu itoke nyumbani kwangu."

Kesi ikaitishwa. Wenye migomo yao wakafika wote. Walipomaliza kukagua nyasi na kumkuta kipa vilevile, likabaki shtaka la sauti.

Kila mwaka, mpira ukigonga mlingoti, mtangazaji wa gemu husema sentensi moja, ambayo binti wa Fundi aliwatafsiria zamani: mlingoti leo umefanya kazi ya kipa. Lugha hawaijui, lakini sentensi hiyo wanaikariri pamoja kama watoto wa darasa la kwanza. Kwa hiyo Dada wa Saluni akaambiwa apige mlingoti makusudi.

Alikosa mara mbili, maana kukosa goli kwa makusudi nako kunataka shabaha. Mara ya tatu mpira ukagonga, ngo! Wote wakatega sikio.

Sauti ilikuwa mpya kweli, ya kijana, laini kama imepakwa mafuta. Ikasema mlingoti leo umefanya kazi ya kipa.

Kabla mtu hajafungua mdomo, ikasikika sauti nyingine nyuma ya pazia, nzito, kama mtu anayeburuta kabati sakafuni.

"Ya... le... ya... le."

"Filimbi ilikuwa mdomoni mwangu," anasema Refa. "Nilishindwa kuipuliza na nilishindwa kuitoa."

Pazia likatikisika. Redio akatoka, kiti anakivuta kwa mkono wa kushoto, akakiweka katikati ya televisheni mbili na kuketi. Fundi akachukua rimoti, akashusha sauti ya gemu mpaka sifuri.

"Shahidi amefika," akasema. "Endeleeni."

Tangu siku hiyo sauti haijapandishwa.

Wiki ya kwanza Redio alikuwa na "yaleyale" tu, na alilitumia kwa kila kitu: goli, kona, rafu, hata umeme ulipokatika. "Na kwa gemu lile," anasema Dada wa Saluni, "lilitosha kabisa."

Kisha likaja "kipa". Kisha "goli", kwa kazi kubwa, macho kayafumba. Tatizo likawa kwamba goli la Redio lilichelewa. Alipofika kwenye "li", waliofungwa walikuwa wameshasawazisha, na ikawa haijulikani anamsifu nani.

Refa akatunga sheria mbili. Ya kwanza, Redio akianza neno, mechi husimamishwa mpaka amalize. Ya pili, ni marufuku kummalizia. Atakayemmalizia neno, kadi nyekundu, nje mechi nzima.

Fundi alipigwa kadi tatu siku za mwanzo. Si ubaya, ni mtu asiyeweza kuona uzi unaning'inia asiuvute. Siku hizi huja na pini zake za dukani, na Redio akianza tu kukunja uso, Fundi anazibana midomoni kama anapima suti. Hasemi mpaka mwenzake amalize.

Dada wa Saluni hamwachi. "Wewe si uliyewatukana wenye kampuni kwa kuchelewa? Leo unangoja neno moja umetulia kama unapigwa picha ya pasipoti?"

Fundi anatoa pini moja moja. "Wale wanalipwa na hawajitahidi. Huyu mtazame shati lake, limelowa."

Wapo walioshindwa. Mtaa wa pili kuna chumba kingine cha gemu, chenye makochi na feni, na mechi zake hazisimami. Mechi za Refa zimeshuka hadi ishirini na kitu kwa siku. Unga upo, umeme upo, dawa hupatikana kwa kuombana subira na mwenye duka la dawa.

"Kuna siku nahesabu nakunja uso," anakiri. "Halafu nasikia 'ko... na' kutoka pale kitini, nasahau nilikuwa nahesabu nini."

Mtaalamu wa hospitali hakuwaahidi kitu. Alisema njia inafukuka, lakini polepole, na inaweza kusimama popote. Alipoulizwa mgonjwa anafanya mazoezi gani nyumbani, Refa alimjibu, "Mpira." Yule bwana akafikiri mguu umepona kuliko alivyodhani, akamwandikia pongezi.

Jioni chumba kimejaa. Redio yuko katikati, ndevu amenyolewa na mkewe, vizuri upande mmoja kuliko mwingine. Anaombwa awaambie wasomaji wa gazeti neno lolote. Dada wa Saluni anasimamisha mechi bila kuambiwa, mchezaji wake mguu uko hewani. Fundi anatia pini mdomoni.

Redio anafumba macho. Mkono wa kushoto unapiga goti, kama anayesukuma gari kwa nyuma.

"Mwa... ka... ni."

Wanangoja. Nje mtu anapita na baiskeli.

"To... leo... ji... pya."

Fundi anatema pini zote kiganjani. "Toleo jipya! Tunawajua ninyi! Mtabadilisha jezi tu!"

Chumba kizima kinalipuka, na Redio anacheka zaidi yao wote, kwa nusu ya uso inayokubali na hata kidogo kwa ile isiyokubali. Refa anamfuta jasho la shingo kwa kiganja chake, polepole, kama hakuna mtu mwingine ndani.

Mwisho wa mwezi ni fainali ya mwaka ya chumba hiki. Zamani Redio aliitangaza yote, tangu mpira wa kwanza hadi kombe. Refa amepanga atangaze kipindi cha kwanza tu, ikiwa nguvu zitaruhusu, na cha pili apumzike. Anamwinamia na kumweleza mpango huo, sikioni, kwa sauti ya upande wa pili wa pazia.

Redio anageuka kumtazama. Anavuta pumzi. Dada wa Saluni, aliyekuwa anakaribia kufunga goli, anausimamisha tena mpira.

"Vyo..." anasema Redio.

Wote wanalijua neno. Hakuna anayelimalizia.

"...te."