Sungura Nilimuua Mimi, Msamaha Nikautoa Mimi

Kosa ni langu. Naanza hapo ili asiwepo wa kuhangaika kumtafuta mbaya wa kisa hiki. Sungura wa binti yangu nilimuua mimi, kwa mkono huu ninaoandikia, kisha nikamsingizia mwanamke aliyejaribu kumponya. Na kumsingizia siyo mwisho wa ubaya wangu. Ngojeni mfike mbele.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, naishi Batsinda hapa Kigali. Nilikulia Bukoba, wazazi wangu walikuwa huko kabla ya kurudi nyumbani, ndiyo maana jambo likinilemea Kiswahili ndicho kinachonitoka. Nafanya kazi kwenye duka la vipuri vya magari Gatsata. Kazi yangu ni kukagua mzigo unaoingia na kutenga vya kweli na vya feki. Miaka kumi na moja nageuza maboksi, nanusa plastiki, nakwangua lebo kwa ukucha. Bosi ananisifu kwamba mimi sidanganyiki.

Tatizo ni kwamba ukucha huohuo narudi nao nyumbani. Muuza maziwa namshuku. Fundi bomba namsimamia kichwani mpaka jasho linamtoka. Mume wangu akiniletea zawadi, nauliza kwanza amefanya nini. Yeye hunicheka, anasema hata malaika akinitokea nitamwomba kitambulisho.

Binti yetu, nimwite Keza, ana miaka tisa. Tulimpatia sungura mwekundu wa kahawia, naye akampa jina la Bihogo, jina ambalo kwetu hupewa ng'ombe. Baba yake alicheka mpaka akashika mbavu. Sungura hapa wengi wanamfuga kwa ajili ya sufuria, sasa huyu wetu ana jina la ng'ombe na analala sebuleni juu ya sweta langu! Lakini mtoto akitoka shule alikuwa anamwita kutoka getini, na sungura anakuja mbio kweli. Mimi mwenyewe nilikuwa nachungulia dirishani nione.

Siku moja Bihogo akaanza kupiga chafya. Pua ikawa inatoa usaha, akawa hali vizuri. Nikamtia kwenye kikapu, mimi na Keza tukampeleka kliniki ya mifugo iliyo karibu na kazini kwangu. Daktari mwenye kliniki ni mzee, watu wote wanamwita Dogiteri. Siku hiyo hakuwepo, alikuwa ameitwa kumzalisha ng'ombe. Tukamkuta msaidizi wake, mwanamke wa umri wangu. Nimwite Esperance.

Esperance alikulia Bujumbura. Aliposikia naongea na mtoto Kiswahili, uso wake ukafunguka.

"Karibu Mama. Eh, na weye uko wa Kiswahili! Huyu mutoto wa miguu nne anaitwa nani?"

"Bihogo," Keza akasema.

Hakucheka! Akasema ni jina la heshima. Akamfunga Bihogo kwenye taulo, akamsikiliza kifua, akamwangalia meno. Mtu mwingine angetulia hapo. Mimi nilikuwa natazama kabati la dawa.

Akatoa chupa kubwa yenye picha ya ndama na kuku. Akavuta kidogo, akachanganya na maji safi, akatia kwenye kichupa kisicho na lebo. Juu yake akabandika plasta, akaandika kwa kalamu: Bihogo. Kisha akampa dozi ya kwanza palepale kwa bomba la sindano lisilo na sindano.

"Hii si dawa ya ng'ombe?" nikamuuliza.

"Iko ya ndama na kuku, Mama Keza. Lakini na sungura inamusaidia, ndiyo maana nimeipunguza. Asubuhi na jioni, siku saba. Na dawa ya watu usimupe, hata ile ya watoto. Ile itamuua."

Mnasikia? Alinionya! Kwa maneno wazi, kwa lugha niliyonyonya nayo, akiniangalia machoni.

Lakini njia nzima kurudi nyumbani nilikuwa nafanya hesabu zangu za ujinga. Kwa nini chupa haina lebo? Kwa nini Dogiteri hayupo? Kwa nini ananikataza dawa nyingine, kama si kutaka nirudi kwake kila mara? Kichupa nikakinusa. Plasta nikaikwangua. Kwenye ghala letu kitu kama hicho hakivuki mlango.

Na kwenye mlango wa friji yangu kulikuwa na dawa ya Keza, ile ya maji ya pinki aliyokunywa alipougua koo. Ilibaki nusu. Ina lebo, ina muhuri wa kiwanda, ina karatasi ya maelezo. Nikajiambia, kama ilimfaa mwanangu haiwezi kumshinda sungura. Nikafanya siri, kama mwizi ndani ya nyumba yangu. Kichupa cha Esperance nikakiweka nyuma ya sukari, asubuhi na jioni nikawa nampa Bihogo ile ya pinki.

Jioni ya pili Keza aliingia jikoni kuchukua maji. Nikageuka haraka, lakini mdomo wa sungura ulikuwa na rangi.

"Mama, dawa ya Esperance si ilikuwa nyeupe?"

"Nenda ukanawe mikono," nikamjibu. Akaenda.

Siku ya tatu Bihogo akaanza kuharisha na kukataa hata majani ya karoti. Siku ya nne asubuhi tukamkuta amekakamaa juu ya sweta. Keza alikuwa tayari amevaa sare ya shule. Akambeba na sweta lake, akatutazama mimi na baba yake.

"Nani amemuua?"

Jamani, ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema alikuwa mgonjwa sana. Neno likaniponyoka: "Ni ile kliniki. Walikosea dawa."

Mume wangu, yule aliyekuwa anamcheka sungura, akawa mkali kuliko wote. Akasema hilo si la kuachwa, niende nikalalamike. Nikaona nimeshaingia, sina pa kurudi. Kabla ya kwenda nikakitoa kichupa nyuma ya sukari, maana kilikuwa kimejaa vilevile. Nikavuta kwa bomba dozi moja moja, asubuhi na jioni kwa siku tatu, nikamwaga kwenye sinki. Hata uongo wangu niliupima!

Kliniki nikamkuta Dogiteri. Nikaweka kichupa mezani na kusema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani kwamba msaidizi wake amempa mnyama mdogo dawa ya ng'ombe akamuua. Mzee akakichukua. Akakiangalia kichupa kwenye mwanga, akauliza nilimpa mara ngapi. Nikasema kama nilivyoelekezwa. Akafungua daftari lake kubwa la wagonjwa.

Jina la Bihogo lilikuwepo. Ugonjwa uliandikwa. Lakini mahali pa kuandika kipimo cha dawa palikuwa patupu.

Esperance akaweka mkono mdomoni. "Nilipima vizuri, Dogiteri. Ninakumbuka nilipima."

"Unakumbuka, rakini haujaandika," mzee akasema.

Nikadaka palepale. "Si unaona! Si unaona!"

Dogiteri akaniambia pole, akaahidi kulifuatilia. Nilipokuwa natoka, Esperance akanifuata mlangoni. Hakuwa na hasira. Aliniuliza polepole tu, kama mtu anayetafuta funguo zake.

"Mama Keza, haukumupa kitu kingine?"

Swali hilo ndilo lililoniharibu kabisa. Sikuona mtu anayeuliza, niliona mtu anayejua. Nikaanza kumshuku yeye kwamba ananishuku mimi. Nikasema huyu nisipomwahi ataniwahi.

Kwa wasioishi huku, hapa kwetu Jumanne alasiri tuna mkutano wa wakazi, tunauita inteko. Mwenye lalamiko ananyoosha mkono, analisema mbele ya majirani, mwenzake anajibu, na mambo mengi yanaishia hapohapo kabla ya kufika mbali. Esperance naye alikuwa anapanga Batsinda, nyumba za chini. Nilijua atakuwepo.

Nikanyoosha mkono. Nikaeleza kila kitu isipokuwa kweli. Nikamtaja mtoto wangu anayelia, nikataja picha ya ndama kwenye chupa, nikataja daftari tupu. Watu wakaguna. Keza alikuwa amekaa pembeni yangu kwenye nyasi, anang'oa majani moja moja.

Mwenyekiti akamwita Esperance ajibu. Akasimama, akajifunga kitenge vizuri. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi. Nilikuwa na majibu yangu yote mdomoni.

"Nimefikiri siku tano, sijalala vizuri," akasema. "Kipimo sikukiandika, hiyo ni kweli. Siwezi kuapa mukono yangu haikukosea. Mbabarira, Mama Keza. Na mutoto anisamehe."

Mbabarira. Nisamehe. Mtu akikuomba hivyo mbele ya watu kwetu, watu wote wanageuka kukutazama wewe, maana wewe ndiye unayedaiwa jibu.

Hapo palikuwa mahali pa kusema kweli! Mlango ulikuwa wazi, yeye mwenyewe ameufungua. Na mimi nikasimama, nikatengeneza uso wa huruma, nikasema, "Ndakubabariye." Nimekusamehe.

Watu wakapiga makofi. Esperance akaja akanikumbatia, nikausikia moyo wake unavyodunda. Akaninong'oneza asante. Ole wangu mimi! Aliniambia asante!

Keza peke yake hakupiga makofi.

Nilidhani yameisha. Lakini msamaha ule ulikuwa ndiyo hati ya kumfukuza. Wafugaji wa Gatsata walisikia, wakaanza kumwambia Dogiteri huyo asiwashikie wanyama wao. Mzee akasema hawezi kubaki na mtu aliyekiri mwenyewe mbele ya wakazi. Wiki mbili hazikupita, Esperance akaondoka kazini, na mwezi ulipokwisha akahama Batsinda.

Jioni niliyosikia habari hizo tulikuwa mezani. Keza akainuka, akafungua friji, akarudi na ile chupa ya pinki. Ameishika kwa mikono miwili, kama tunavyompa mkubwa kitu.

"Mama, ulimsamehe kosa gani?"

Baba yake akaitazama chupa, akanitazama mimi. Niliwaambia yote palepale, nikilia kama mtoto. Mume wangu hakunigombeza. Aliondoa sahani yake, akaenda kukaa nje, na tangu siku hiyo nikimwambia jambo lolote huchelewa kidogo kabla ya kuitikia. Hiyo ndiyo adhabu yangu ya kila siku. Mimi niliyemshuku kila mtu, sasa nashukiwa mezani kwangu.

Nilimtafuta Esperance, nikamkuta Kimisagara kwenye karakana ya kushona ya dada yake. Alikuwa anatia vifungo kwenye mashati ya shule. Alinipokea vizuri, akanipa kigoda. Nikamwambia: ile dawa yako Bihogo hakuinywa, isipokuwa tone ulilompa wewe. Nilimpa ya mtoto. Ulinikataza nikampa.

Sindano ikasimama. Nilitegemea anitukane, na laiti angenitukana!

"Miezi miwili sijagusa munyama," akasema. "Paka ya dada iliugua, wakaniita, nikakataa. Niliogopa mukono yangu. Kumbe mukono yangu haikuwa na kitu."

Nikapiga magoti. Nikasema neno lilelile alilonipa yeye, mbabarira. Akaniinua kwa kiwiko, akanirudisha kwenye kigoda.

"Hapana, Mama Keza. Mimi nilikuomba mbele ya watu, na weye ukanisamehe mbele ya watu. Hapa tuko wawili tu, haisaidii. Enda useme kulekule, kisha urudi tuongee."

Akaendelea na vifungo vyake.

Jumanne nne zimepita. Ya kwanza walizungumzia mfereji, nikasema si siku yake. Ya pili mvua ilinyesha, nikashukuru kimoyomoyo. Ya tatu mwenyekiti akauliza mara mbili kama kuna mwenye neno, mkono wangu ukawa mzito kama gia boksi. Ya nne nikasema nina kazi nyingi dukani, na bosi, maskini, akanisifu kwa bidii.

Ndiyo maana naandika hapa, bila jina. Mnaona? Hata kutubu natubu nikiwa nimejificha.

Wewe unayesoma, kama na wewe umezoea kushuku watu, nakuomba kitu kimoja. Kabla hujaenda kulalamika kwa daktari wa mnyama, au wa mtu, fungua kwanza friji yako. Tazama nyuma ya sukari. Ukikuta ni wewe, sema siku ileile, maana siku ya pili utahitaji uongo wa kuulinda wa jana. Na mtu asiye na kosa akisimama kukuomba msamaha, jamani, usiupokee! Afadhali hao waliokaa kwenye nyasi wakuzomee mpaka uwakimbie.

Leo ni Jumatatu. Keza ameniambia kesho atakaa upande wangu wa kulia, upande wa mkono ninaonyoosha.